Mwalimu Theresia Kapinga, Aliyepiga Piano ya Msimbati Jazz

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Chikongola na ninyi ndugu mliotoka Mahurunga leo alfajiri, mimi ni Amani Kapinga, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye kama angekuwa ameketi hapo mbele angekwisha kuniashiria niongeze sauti, kwa hiyo naanza kwa sauti.

Mwalimu Theresia Frank Kapinga alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1949 hapa mjini Mtwara, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Frank Kapinga, aliyekuja kutoka Songea kufanya kazi ya ukarani wakati bandari inajengwa, na marehemu Mama Beatrice, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa maandazi yake na kwa kutokuogopa mtu.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, kisha akaendelea na shule ya kati ya wasichana ya misheni, alikomaliza mwaka 1964, na huko ndiko sista mmoja mzee alikomfundisha piano, mchana baada ya chakula, wenzake wakiwa wamelala. Mwaka 1965 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1966.

Januari 1967 alipangiwa kufundisha Mahurunga, na ni huko alikomsikia kwa mara ya kwanza kijana mmoja, Ismaili Hemedi, akiimba peke yake huku akipalilia mikorosho ya baba yake, sauti ambayo dada alisema ilimfanya asimame njiani mpaka akachelewa kipindi. Alipohamishiwa mjini mwaka 1970 alimshawishi Ismaili naye aje, wakaingia pamoja katika bendi ya Msimbati Jazz, chini ya marehemu Mzee Lukasi, mpiga tarumbeta. Bendi ilikuwa ikipiga katika klabu ya wafanyakazi wa bandari, ambako palikuwa na piano iliyoachwa na wazungu, baadhi ya vibonyezo vyake havikurudi juu vikishabonyezwa, na dada akajifunza kuviruka bila mchezaji yeyote kugundua. Baba hakupenda mwalimu wa kike apige muziki klabuni, lakini Mama alijifunga khanga yake mpya, akaenda kuketi kiti cha mbele, na baada ya hapo maneno yakaisha nyumbani.

Agosti 1974 bendi ilisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam kurekodi nyimbo nne, wa mwisho ukiwa ni "Asha wa Kilambo", ambao Ismaili alikuwa amemtungia mchumba wake. Nyimbo tatu zilikwenda vizuri, lakini ilipofika zamu ya huo wa nne sauti ya Ismaili ilikuwa imekauka kabisa kwa mafua aliyoyapata melini, na bendi nyingine ilikuwa inasubiri mlangoni kuingia studio. Mzee Lukasi akasema, "Theresia, wimbo unaujua, imba wewe." Dada akamtazama Ismaili, Ismaili akatikisa kichwa kukubali, dada akaimba huku anapiga piano, kwa mkupuo mmoja tu, na huo ndio wimbo mlioucheza ninyi wenye mvi hapa kwenye harusi zenu.

Santuri zilitoka mwanzoni mwa mwaka 1975, wimbo ukapigwa sana redioni, na Mahurunga watu wakaanza kumtania Ismaili, wakimuuliza imekuwaje mchumba wake anabembelezwa na mwanamke. Ismaili alisema kwamba alipotikisa kichwa alikuwa anakubali kuwa Theresia anaujua wimbo, hakukubali auimbe. Aliacha bendi, akarudi kulima mihogo na korosho, akamwoa Asha wake, na dada alipokwenda kumwomba radhi, Ismaili alitoka kwa mlango wa uani ili asionane naye. Jambo hilo lilimuuma dada kuliko alivyoonyesha, na tangu hapo hakuuimba tena wimbo ule, hata alipobembelezwa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa takatifu na Josephu Luambano, mfanyakazi wa bandari, mtu mpole aliyezoea kusema kwamba yeye alioa mwalimu na piano kwa mahari moja, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Magreth, Joshua na Witness. Msimbati Jazz ilivunjika mwaka 1979, vyombo vikiwa vimechakaa, lakini dada aliendelea kufundisha shuleni na kupiga kinanda cha kwaya ya parokia hii hadi alipostaafu mwaka 2009, mwaka uleule aliompoteza shemeji yetu Josephu.

Mwaka 2017 alifika nyumbani kijana kutoka Dar es Salaam, ndugu Innocent, ambaye kazi yake na wenzake ni kuzitoa upya nyimbo za zamani, akiwa amehangaika muda mrefu kumtafuta mwimbaji wa "Asha wa Kilambo", maana kwenye santuri liliandikwa jina la bendi peke yake. Alitaka nyimbo zote nne ziwe katika albamu moja, na majina ya wanamuziki yaandikwe. Wakati huo kati ya wanabendi walikuwa wamebaki hai wawili tu, dada na Ismaili, na dada alimjibu pale pale sebuleni, "Ismaili akikataa, na mimi nimekataa."

Niliwaendesha mimi hadi Mahurunga. Mzee Ismaili alitupokea kwa heshima, akatukaribisha barazani, lakini alimwita dada "Mwalimu", kama watu wasiojuana. Innocent akauweka wimbo kwenye simu, na kabla haujafika katikati, Mama Asha, mkewe, alitoka ndani akicheka, akasema, "Huyu mzee miaka yote redio ikiupiga yeye anazima, akitoka mimi nawasha." Mzee Ismaili akamgeukia, "Kumbe ulikuwa unausikiliza?" Mama Asha akamjibu, "Si umenitungia mimi? Ulitaka nisikilize wa nani?" Hapo mzee akausikiliza wimbo mpaka ukaisha, akaomba urudiwe, kisha akasema, "Dada Tere, piano ile uliipiga vizuri mno, na mimi nilikasirika nikashindwa kuisikia." Dada akamwambia, "Nisamehe, kaka, ningekuuliza kwa mdomo." Walishikana mikono, na mimi nilitoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mzee Ismaili alikubali kwa sharti moja, kwamba naye auimbe, na mwezi Novemba 2017 waliurekodi katika ukumbi wa parokia, yeye akiimba kwa sauti ya uzee, dada kwenye piano, Mama Asha akiwa ameketi kati yao. Albamu ilitoka mwaka 2018 ikiwa na rekodi zote mbili za wimbo huo, ya zamani na ya ukumbini, na kwenye jalada pameandikwa, Theresia Kapinga, piano. Kuanzia hapo nyumba hizi mbili zimetembeleana kwa furaha, mihogo ikija mjini na vitenge vikienda shamba.

Machi 2022 dada alipatwa na kiharusi kilichoulegeza mkono wa kulia, lakini hakukata tamaa, alipiga kwa mkono wa kushoto na Magreth akishika upande wa pili, wakigombana kuhusu mwendo. Mwaka huu moyo ulidhoofika, akalazwa, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024 asubuhi, akiwa ameshapokea sakramenti, alituaga. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, walimu wenzake, kwaya yake, majirani mliotuletea maji na kuni bila kuombwa, ndugu Innocent aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, Mzee Ismaili, na Mama Asha, ambaye tangu Jumanne amelala nasi kwenye mikeka, na jana alipopangiwa chakula pamoja na wageni alihama na sahani yake, akaja kuketi na wafiwa.

Dada Theresia, umeishi vizuri na tumefaidi. Bwana akupe pumziko lake, nasi tutazidi kukuombea.