Neno Alilowapa Wanafunzi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yarukwe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa tatu wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, na tangu hapo walimu walimlalamikia mama kwamba mtoto huyu akipewa adhabu lazima aulize kosa ni lipi. Alisoma sekondari ya bweni ya wasichana, akafaulu vizuri, na mwaka 1989 akaingia chuo kikuu kusomea sheria, ambako wenzake walimchagua kuwa rais wa serikali ya wanafunzi, na kijana mmoja mpole, asiyeongea sana, wakamchagua kuwa katibu wake.

Mwezi Machi 1991 wawili hao waliongoza mgomo kwa sababu mabweni hayakuwa na maji na wanafunzi walikuwa wakiugua matumbo, chuo kikafungwa, wao wakafukuzwa, na baada ya miaka miwili wakaambiwa watarudishwa iwapo kila mmoja ataomba radhi kwa maandishi. Dada aliomba radhi kwa sababu mama alimlilia, lakini Katibu alikataa, akamwambia, "Wewe rudi ukasome, mimi nitabaki na kosa letu," akajifunza ushonaji, na hadi leo ni fundi cherehani, na hadi leo mtaa mzima unamwita Katibu. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, wa kike ambaye ni muuguzi na wa kiume ambaye bado anasoma, na katika ndoa hiyo waligombana juu ya mengi, hasa redio, maana shemeji yetu hupenda kuisikiliza kwa sauti ya kuamsha majirani, lakini habari ya ile barua ya kuomba radhi hakuna aliyewahi kumtupia mwenzake.

Dada alihitimu, akaanza kufundisha chuoni hapohapo mwaka 1999, na mwaka 2014 akateuliwa kuwa mlezi wa wanafunzi, kazi aliyoifanya mlango wake ukiwa wazi, wanafunzi wakiingia na shida za vyumba, za mimba, za mitihani iliyopotea, akawasikiliza huku chai yake ikipoa mezani.

Februari mwaka jana wanafunzi walimchagua binti mmoja wa mwaka wa pili kuwa rais wao, binti ambaye uongozi haukumtaka kwa kuwa alikuwa akihoji hadharani kwa nini bweni la wasichana limekodishwa kwa watu wa nje wakati wao wanalala wawili kitanda kimoja, basi uchaguzi ukafutwa, akateuliwa mtu mwingine, na wanafunzi wakaja kuketi kwenye ngazi za jengo la utawala wakikataa kuondoka. Polisi walipopanga magari getini, dada alipanda kwa mkuu wa chuo kumsihi, naye mkuu wa chuo akamjibu, "Waambie warudi mabwenini, hakuna atakayeguswa." Dada aliteremka, akasimama katikati yao, akawaambia, "Nawapa neno langu, wanangu, inukeni," na kwa kuwa ni yeye aliyesema, waliinuka, wakakung'uta nguo, wakaenda zao.

Wiki hiyohiyo wanafunzi kumi na mmoja walifukuzwa, yule binti akiwa wa kwanza, na dada alipokwenda kuuliza, mkuu wa chuo alimwambia kwamba dada mwenyewe aliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi, hivyo anajua mambo haya huishaje, kisha akamtaka atie sahihi kwenye uamuzi huo, naye akakataa, akaacha kazi siku hiyo. Nyumbani alimwambia mumewe, "Wamenitumia kama chambo," na shemeji alisimamisha cherehani, akakaa naye.

Tangu hapo dada alifunga safari hadi nyumbani kwa kila mwanafunzi aliyefukuzwa kuwaomba msamaha wazazi, wengine wakampokea, wengine wakamfungia mlango, na mama mmoja muuza mboga akamwambia waziwazi, "Mwanangu aliinuka pale kwa ajili yako," jambo ambalo dada alilirudia kwetu mara nyingi, hata katikati ya chakula, na chakula kikabaki. Akiwa pia wakili, aliwatetea wanafunzi hao mahakamani bila malipo kupinga kufukuzwa kwao, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa tena, na tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, kwenye korido ya mahakama, baada ya kuelezwa kwamba jalada halionekani, alianguka kwa kiharusi. Alilazwa hospitali ya rufaa, upande wa kulia ukiwa umelegea na maneno yamemkatika, akitibiwa na kuuguzwa na binti yake mwenyewe, hadi alipofariki alfajiri ya Jumanne iliyopita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake wa chuo, wakiwemo wale walioacha kumsalimia alipojiuzulu, kwani leo mmefika na viti mmepewa. Uongozi wa chuo uliomba nafasi ya kutoa salamu, na shemeji yetu amesema salamu zitolewe wanafunzi wakisharudi darasani.

Hatuwaambii kwamba wote walimsamehe, kwani yule mama muuza mboga hayupo hapa, na hatumlaumu. Saba kati ya wale wanafunzi kumi na mmoja wapo, wamesimama kule nyuma, na kesi yao itatajwa tena mwezi ujao bila wakili, kwa hiyo yeyote kati yenu mwenye taaluma hiyo asiondoke kabla ya kuonana nao.

Dada yetu, sisi tutakwenda mahakamani, wewe pumzika kwa amani.