Piroska Kerekes, Aliyeandika Habari za Msichana wa Kwenye Matete

Marehemu Piroska Kerekes alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 katika kijiji cha Nádaskút, kando ya mto Tisza. Baba yake alifia vitani kabla mtoto hajafikisha umri wa kukumbuka sura yake. Oktoba 1944, mapigano yalipofika kijijini, mama yake, Ágota, alimficha kwenye matete ya kinamasi, akamfunga shali, akamwambia, “Tulia hapa. Namfuata ng’ombe, narudi sasa hivi.” Hakurudi. Mtoto alikaa siku mbili, mpaka bibi yake mzaa baba alipomwona.

Alilelewa na bibi huyo, akasoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Szolnok. Mwaka 1958 aliajiriwa maktaba ya Nádaskút, akaitumikia miaka thelathini na sita. Wengi tuliopo hapa tulikabidhiwa na yeye kitabu chetu cha kwanza, na onyo la kutokula mkate wa mafuta juu yake.

Juni 1962 aliolewa na Bálint Kerekes, mfanyakazi wa reli. Hawakujaliwa mtoto. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika, kwenye meza ya jikoni, habari za Gyöngy, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyenusurika uvamizi wa Watatari wa mwaka 1241. Gyöngy anafichwa na mama yake kwenye matete, kijiji kinateketezwa, naye anaishi kinamasini peke yake hadi majira ya baridi yanapita.

Bálint alimsikiliza akisoma, kisha akauliza, “Huyo mtoto anakula nini huko?”

“Mizizi ya matete.”

Kesho yake Bálint akaenda kuichimba, akaichemsha, akala sahani nzima. “Inaliwa,” alisema. “Iandike, ila usiseme ni tamu.”

Kitabu kilikamilika mwaka 1968. Mhariri alikipenda, isipokuwa mwisho wake.

“Bibi Kerekes, mrudishe mama. Watoto watalia.”

“Na walie,” alijibu. “Mimi nikimrudisha, wale ambao mama zao hawakurudi watajua nawadanganya.”

Muswada ukakaa miaka kumi na mmoja. Bálint alifariki mwaka 1971 bila kukiona kitabu kimechapwa. Kilipotoka mwaka 1979, Piroska aliweka nakala mezani, upande aliokuwa akikaa mumewe, akala chakula cha jioni bila kusema na mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Mwaka uliofuata, Rozália, binti wa dada yake Bálint, wakati huo akiwa na miaka tisa, alikisoma na kuongeza kwa penseli chini ya ukurasa wa mwisho: *Kisha mama akaja.* Marehemu alimwita.

“Ni wewe umeandika hapa?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Alikuwa anasikia baridi.”

Marehemu akamwekea mtoto maziwa jikoni yapate moto. Maandishi yale hakuyafuta kamwe.

Tangu mwaka 2017 alisumbuliwa na moyo. Alikataa kuhamia mjini kwa Rozália. “Nimezoea kusikia hatua zangu humu ndani,” alisema. Februari mwaka huu alilazwa Szolnok, na huko akatoa ombi moja tu: juu ya jiwe la kaburi lake na la Bálint, liandikwe pia jina la mama yake, ambaye hana kaburi popote. Rozália alimuuliza aandike mwaka gani wa kufa.

“Usiandike,” alisema. “Hatuna hakika.”

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha Rozália, na Terka, jirani aliyemgongea ukuta kila alfajiri kujua kama ameamka, naye akajibiwa kwa kugongewa. Hakuacha ndugu wa damu. Leo, Jumamosi tarehe 9 Machi, jiwe lina majina matatu, na la Ágota ndilo la juu.

Piroska, lala salama. Ardhi ya Nádaskút ikupokee kwa upole.