Bi. Konsolata na Amri Inayouliza Majira

Tarehe 30 Juni Bi. Konsolata Mkopi anatimiza miaka thelathini na moja ya kazi katika kitengo chetu cha ramani hapa Ifakara, na anastaafu. Aliingia akichora vijiji kwa penseli na rula. Anaondoka akiwa msimamizi wa programu ya kompyuta inayopima ramani za bonde zima la Kilombero, na njiani amechakaza baiskeli mbili.

Baiskeli na kompyuta wapi na wapi? Ni sheria yake. Sisi waandishi wa programu tunapenda amri za mkato: unabofya mara moja, unapata kilichohitaji hatua kumi. Bi. Konsolata hakuzikataa, ila amri mpya haikuingia kwenye programu mpaka aliyeiandika aende kwa baiskeli mahali ilipopima. Wengi walighairi wakiwa bado wanajaza upepo.

Mimi, Beatus, nilijifanya mjanja. Amri yangu ilipima umbali wa kila nyumba hadi zahanati ya karibu, na kabla haijajaribiwa nikaitumia kupanga ratiba ya kliniki tembezi. Kitongoji cha Mbugani, ng'ambo ya mto Lumemo, kilitoka kilomita mbili tu, kwa mstari ulionyooka juu ya mto, kana kwamba ni kiangazi na watu wanavuka kwa miguu. Nikakiondoa.

Bi. Konsolata alipogundua, alinikabidhi baiskeli. Ilikuwa Aprili, mto umefurika. Nilizunguka darajani kilomita kumi na nne, nikafika na tope hadi magotini. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama aitwaye Sikitu, mtoto mwenye homa mgongoni, akijiandaa kuitembea njia ile ile niliyotoka. Niliwapakia kwenye keria tukarudi. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilitegemea kufokewa. Badala yake Bi. Konsolata aliirudisha Mbugani kwenye ratiba siku hiyo hiyo, kisha tukabishana wiki nzima kuhusu amri yenyewe. Mimi kwa woga nilitaka ifutwe. Yeye ndiye aliyeitetea: alisema kurahisisha kazi si kosa, kosa ni kupima kabla ya kuuliza. Basi ikaingia, lakini kwanza inauliza kama ni masika au kiangazi, na usipojibu haitoi hata namba moja. Watumiaji wa mbali, wasioujua mto wetu, wanalalamika mpaka leo. Waache walalamike.

Ukali wake tumeuonja, na chai yake ya tangawizi tumeimaliza. Tunamshukuru kwa vyote viwili. Baiskeli ya tatu ameiacha ofisini, na ufunguo wa kufuli amenipa mimi.

Mchele wa pilau ya leo ameuleta Sikitu, pamoja na yule mtoto, ambaye sasa yuko darasa la tatu. Masika ya mwaka huu yamechelewa kuisha na mto bado haujapungua, kwa hiyo wamezunguka darajani.

Kapumzike, Bi. Konsolata. Tunakuombea afya, furaha, na njia kavu, masika na kiangazi.