Gari la Aloys Linaoza Chini

Wewe, mara ya mwisho kulala chali chini ya gari lako ilikuwa lini? Usinijibu. Sisi wa benchi ya kahawa ya Nyawera, Bukavu, hatukuwa na magari, lakini mwaka ule wa vita, 1999, tulikuwa mabingwa wa sehemu za chini. Gari lilikuwa moja tu, Toyota ya occasion, yaani ya mtumba, ya Papa Aloys, mwalimu asiyelipwa kama mimi. Lilikaa mbele ya ua wake, karibu na birika la Nasoro muuza kahawa. Kutu ilikuwa imelila mpaka ukiinua zulia la ndani unauona udongo. Na asubuhi ile Maman Chadia, mfanyabiashara wa Uvira, alikuwa anakuja kulikagua. Akiliona zima, Aloys angelipwa kumshusha bondeni Luberizi kuleta mpunga, na nyumba yake ingekula. Akiliona bovu, basi.

— Aloys, pakaa mafuta chafu ya moteri, alisema Akonkwa, tunayemwita Docteur kwa sababu ya tasnifu aliyoianza zamani na mpaka leo anaianza. Kutu itateleza, itaanguka.

— Tulipakaa, Docteur, nilimjibu mimi.

— Mulipakaa bila méthode.

— Goudron! alidakia Philémon, jina la benchi Satellite, akimaanisha lami. Muchemshe goudron, mupakaze chini yote.

— Goudron ya wapi, mu Bukavu hii? aliuliza Docteur.

— Njo ile minasema! Goudron ya barabara ilienda wapi? Kuko watu wanaivuta toka kule juu. Na kutu ni bo banaituma.

— Banaituma namna gani? aliuliza Nasoro.

— Mu redio. Ile sauti ya kshhh, weye unazani ni nini?

Nasoro aliizima redio yake polepole.

— Acha ujinga, alisema Docteur. Ni gaz ya ziwa, ile hewa yenye kutoka chini ya maji. Inapanda, inatafuta chuma.

— Na birika yangu juu ya nini haina kutu? aliuliza Nasoro.

— Gaz haipende kahawa.

Ilibidi niiokoe sayansi. Nina licence, yaani shahada, ya kemia.

— Ni oxydation, nilisema.

Benchi nzima ikanisogezea nafasi kwa heshima. Nilikunywa kahawa yangu kama mtu aliyekamata mwizi, kumbe najua jina lake tu.

— Na dawa yake, maman prof?

— Inategemea milieu, mazingira yake.

Hivyo ndivyo tunavyojibu sisi wa chuo tukiwa hatujui. Aloys mwenyewe alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Maman Chadia alifika, kitenge kimekazwa kiunoni. Sayansi yetu hakuisalimia. Alitandika gunia, akalala, akaingiza mkono chini ya gari. Mkono ukatoka mwekundu wa kutu, na juu ya wekundu unga mweupe. Yule mama ameuza makayabu, samaki wa chumvi, tangu usichana. Alilamba kidole bila kufikiri.

— Papa Aloys, juu ya nini gari yako iko na chumvi?

Docteur alinusa upande wa ziwa. Satellite akaangalia mawingu. Mimi nilitafuta milieu, nikaikosa.

— Ninauliza na heshima, papa. Hii gari mulikuwa munaifanya makayabu?

Clémence, mke wa Aloys, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

— Njo vile chumvi yangu inaishaka? alisema. Na miye nilichapa batoto!

Aloys aliweka kikombe chini.

— Ni miye.

— Weye nini?

— Ni miye nilikuwa naimwagia maji ya chumvi. Kila asubuhi, kabla mulete mafuta yenu. Munapakaa, munaenda, naosha tena na chumvi. Gari yenye kuoza, askari wanaipita. Ile nzima wanaibeba, na mwenyewe ku volant anawaendesha. Ya jirani Zagabe tuliiona Walungu, inabeba bunduki. Yeye Zagabe hatukumuona.

Clémence aliuteremsha mwiko.

— Munisamehe, maman Chadia, alisema Aloys. Nilikuwa naogopa ipone.