Fundi Makali na Kisu cha Mkono wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa baba, asanteni kwa kufika. Mimi ni binti yake wa kwanza, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Makali, alizaliwa tarehe 6 Februari 1959, mtoto wa pili kati ya sita wa mwashi na mshona nguo. Jina la Makali lilitokana na visu vyake. Yeye mwenyewe hakuwahi kutupandishia sauti, hata pale tulipostahili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu kazi za vyuma mwaka 1975. Matokeo yake ya hesabu hatukuwahi kuyaona. Kila tulipoyauliza, alikumbuka ghafla kwamba ana chuma motoni.

Alifanya kazi miaka tisa katika karakana ya mabasi, na humo ndimo alimoanza kuokota springi zilizokatika na kuzifua ziwe visu. Mwaka 1985 alifungua karakana yake nyuma ya nyumba: chumba kimoja cha bati, fuawe ya kugongea chuma katikati, tanuri pembeni. Wauza nyama na wapishi walimfuata kutoka mbali.

Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1988, alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu. Viatu vya maharusi wote wawili vilishonwa na fundi viatu wa mtaa wa pili. Baba na fundi huyo walikuwa wamekubaliana kubadilishana kazi. Fundi yule alikuwa mashoto, na visu vyote vya kukatia ngozi alivyovipata vilinolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Alitaka kimoja cha mkono wake. Baba alimwahidi kwamba mwisho wa mwezi angekuwa nacho.

Kisu cha kwanza alikinoa upande aliouzoea, akashtuka kimeshaharibika. Cha pili kilipasuka alipokichovya kwenye oili. Kisha nikazaliwa mimi, kazi zikamwandama, mwezi ukawa mwaka. Baada ya hapo kilichomzuia hakikuwa muda tena, ilikuwa haya. Akaanza kupita njia ya nyuma asikutane na mwenzake, nasi tukapita naye. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipogundua kwamba shule yetu ilikuwa dakika tano tu kutoka nyumbani.

Machi 2019 moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza nyundo. Baba akaomba wiki sita. Mama alipomuuliza za nini, alimjibu kwamba kuna mtu ambaye yeye hajamtendea haki. Akawa anafua nusu saa kila asubuhi, mama akimshikia koleo. Wiki nzima alimenya viazi kwa mkono wa kushoto, ili ajue mwenzake anavyoshika kisu. Viazi vile vilikuwa vidogo sana vilipofika mezani.

Tarehe 11 Mei alipita njia ya mbele. Nilimsindikiza kwa kuwa alichoka upesi. Fundi viatu alikuwa kwenye benchi lake, nywele zote nyeupe. Baba alianza kueleza habari ya kile kisu kilichopasuka, mwenzake akainua mkono kumnyamazisha. Kidole gumba kilikuwa kimejaa makovu.

"Hiki kidole kimekusubiri sana," alisema.

"Najua. Sina la kujitetea."

Alikipokea kisu kipya, akatandika kipande cha ngozi, akakata kisigino kizima bila kuinua mkono. Kisha akawa anakigeuzageuza kisu mkononi. Nilipata muda wa kusoma tangazo lote la rangi ya viatu lililobandikwa ukutani.

"Ungeniletea hata kile kibovu," alisema mwishowe, "miaka yote hii tungekuwa tunazungumza."

Baba alilia. Fundi viatu akamsogezea kigoda, akamuuliza habari za mama. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi walikaa pamoja, mmoja akishona, mwingine akimnolea visu na kumsimulia habari zilizompita.

Moyo wake ulitupa miaka mitano zaidi, na ilikuwa mizuri. Alilazwa tarehe 2 Mei 2024. Hata kitandani alilalamikia ubutu wa kisu alicholetewa pamoja na papai. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Mei, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na kaka wawili. Fundi viatu alikuja nyumbani juzi kuuliza kama naye anaweza kuandikwa miongoni mwa wafiwa. Mama alimwambia jina lake lilishaandikwa, kwenye orodha ya kaka za marehemu. Tunamwombea baba yetu pumziko jema, lenye amani tele.