Sikukuu ya Mbwa Pasipo Mbwa

Benchi la Dilsara ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda chake cha chai, pale Simalchaur ambapo njia ya milimani inakutana na daraja la kamba za chuma. Asubuhi ile ilikuwa siku ya pili ya Tihar, sikukuu ya taa, siku ambayo kila nyumba humvika mbwa shada la maua ya manjano, humpaka rangi nyekundu kwenye paji la uso na kumlisha kabla watu hawajala. Maua yalikuwepo. Dilsara aliyatunga tangu alfajiri, mtoto mgongoni, hadi ungo ukajaa. Mbwa ndiye hakuwepo, hata mmoja. Wiki tatu nyuma ilibandikwa karatasi kwenye nguzo ya daraja: kila mwenye mbwa amuue, kwa sababu mbwa huwabwekea watu wanaopita usiku. Haikuwa na sahihi wala muhuri. Kijiji kilitii ndani ya siku mbili, na Dilsara alimlisha mbwa wake wali wenye sumu kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo usiku wa Simalchaur ulikuwa kimya kama kisima kilichofunikwa, na ndani ya kimya hicho watu walipita.

Wa kwanza kufika benchini alikuwa Redio. Ni mwalimu, lakini shule imefungwa, na jina lake la kweli limesahauliwa kwa sababu ya kile kiredio anachotembea nacho sikioni.

— Shemeji, mimina chai! Nchi imepata serikali.

— Tena? — aliuliza Hawaldari, akijishusha taratibu kwenye ubao. Yeye ni askari mstaafu, magoti yake yalibaki vitani. — Ya ngapi hii?

— Tangu mfalme avunje bunge? Ya nne. Au ya tano, nimepoteza hesabu. Ila hii ni ya mseto, mzee. Vyama vinne chungu kimoja.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya akiba, si ya mawaziri.

— Akiba ndiyo hiyo nasema. Wamewekwa mawaziri thelathini na mmoja. Mfalme akifukuza kumi asubuhi, jioni bado wapo.

Wa tatu alikuwa Mwenyekiti. Halmashauri yake ya kijiji ilivunjwa na ofisi ikachomwa moto, lakini muhuri bado anatembea nao mfukoni, umefungwa kwenye leso.

— Na chama changu kimepewa nini?

— Chako? — Redio alisogeza sikio kwenye kiredio kama vile atasikia upya. — Mifugo.

— Mifugo! Tumefungwa jela miaka saba kwa ajili ya demokrasia, tunapewa mbuzi!

— Usilie, Mwenyekiti, — Hawaldari alisema, akijipiga paja. — Mbwa naye ni mfugo. Kumbe ile karatasi imetoka kwenu!

Alicheka peke yake. Kicheko kilikwenda mpaka darajani, kikarudi, na wote wakatazama glasi zao. Ilikuwa ajabu kusikia sauti ikirudi. Zamani kicheko kama kile kingewaamsha mbwa wa ng'ambo zote mbili.

— Tuseme kweli, — Mwenyekiti alishusha sauti. — Ile karatasi ni ya nani?

— Watu wa msituni, hao waasi, — alisema Hawaldari. — Nani mwingine anatembea usiku? Jeshi halina haja ya kujificha.

— Jeshi halina haja! — Redio aligeuka. — Mzee, wewe una mtoto jeshini ndiyo maana. Hao askari wakienda kuzingira kijiji, wanakwenda na ngoma? Karatasi ile ni ya kambini. Imepigwa chapa, na watu wa msituni huandika kwa mkono.

— Na wewe una binti msituni, ndiyo maana.

— Binti yangu hakwenda. Walichukua darasa zima, semina ya wiki moja. Darasa limerudi, yeye bado.

— Basi, basi, — alisema Mwenyekiti. — Wapiganapo mafahali wawili, majani hunenepa.

— Huumia!

— Najua ninachosema. Nyote hamjui siasa. Miaka minane hawa na wale wameshindwa kukubaliana hata siku ya kukutana. Mfalme anavunja serikali, vyama vinagawana viti, msituni wanatangaza serikali yao. Lakini lipo jambo moja wamekubaliana wote, bila mkutano, bila chai: mbwa wafe. Mseto wa kweli ndio huo. Ule wa mjini ni maigizo.

Redio alipunguza sauti ya kiredio.

Dilsara alikuwa amechuchumaa kwenye jiko, akikoroga maziwa ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Hakuwa mwanamke wa kusema mbele za wanaume, na kwa miaka miwili alikuwa amezoea kusikiliza. Ilikuwa miaka miwili tangu Tekman, mume wake, ashuke na kikapu cha tangawizi kwenda sokoni wilayani. Kambini walimwambia mumeo yuko msituni. Watu wa msituni walimwambia yuko kambini. Yeye aliendelea kupaka rangi nyekundu kwenye njia ya nywele zake kama mke mwenye mume, na wanawake wa kisimani waliendelea kuitazama.

Sasa lilikuwa limemfika jingine. Kwa usiku wa tisa mfululizo, hatua zilizokuwa zikipita njiani zilisimama mlangoni kwake. Hazikugonga. Zilisimama muda wa mtu kunywa chai, kisha zikaendelea. Yeye alilala macho, mkono kwenye kinywa cha mtoto, na upande wa pili wa chumba mama mkwe wake, ambaye macho yalishamwishia na masikio yamebaki nusu. Kama ni Tekman, afungue. Kama si Tekman, asifungue. Mwanamke wa ng'ambo ya daraja alifungua, akawapa wali watu asiowajua. Wiki iliyofuata walikuja wengine kumuuliza habari za zile sahani, na nyumba yake mpaka leo haina paa. Mbwa wake angemwambia. Kwa Tekman angelia kama kitoto cha mbwa. Kwa mgeni angebweka. Na kwa wale wasio hai tena, wazee husema, mbwa huinua pua juu akaomboleza.

— Mimi nimezihesabu hizo hatua, — Hawaldari alikuwa akisema. — Sikio la askari haliulizwi. Buti lina sauti yake, ndala ina sauti yake. Hawa hawana buti, hawana ndala.

— Peku?

— Peku nayo ina sauti. Hii ni kama mtu anakunja nguo.

— Na asubuhi nimetazama matope, — Redio alisema. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekiweka kiredio chini. — Nyayo za mbuzi zipo. Zangu zipo.

— Acheni niwaambie, — Mwenyekiti alisogea katikati. — Langoni kwa Yama, mfalme wa wafu, analinda nani? Mbwa. Na kwa nini leo tunamvika maua? Ili marehemu wetu wapitishwe vizuri. Sasa mwaka huu hakuna aliyevikwa. Na wangapi wamekufa bila maiti zao kuchomwa kwa desturi, wamelala tu kwenye makorongo? Lango limefungwa, jamani. Wanakwenda, wanarudishwa. Wanakwenda, wanarudishwa. Hapa daraja ni moja.

— Serikali ya mseto italifungua, — Hawaldari alisema, lakini hakucheka.

— Wanasimama kwangu, — alisema Dilsara.

Watatu waligeuka. Yeye mwenyewe alishtuka, kama aliyedondosha chombo.

— Unasemaje, mwanangu? — aliuliza Hawaldari.

— Hizo hatua. Zinasimama mlangoni kwangu. Usiku wa tisa leo. Nataka mniambie, kaka zangu, na wewe baba: nifungue au nisifungue?

Mwenyekiti alitoa leso yenye muhuri, akaifungua, akaifunga tena. Redio alikuwa akitazama mto.

— Kwangu pia, — alisema Redio mwishowe. — Upande wa dirisha la binti yangu.

— Toka lini? — Hawaldari aliuliza kwa ukali.

— Toka mbwa.

— Kwangu ni mlango wa zizi, — alisema Mwenyekiti. — Mdogo wangu alipenda kuingilia huko akichelewa. Mnajua askari walipomchukua walisema maswali mawili matatu tu.

Hawaldari aliweka glasi chini. Barua ya mwanawe ya mwisho ilifika kabla ya mvua.

— Nilidhani ni mimi peke yangu, — alisema.

Walikuwa bado wamekaa hivyo kondoo walipoanza kumiminika kutoka njia ya juu. Nyuma yao alikuja mchungaji wa nyanda za baridi, mgeni, blanketi begani, na kando yake mbwa mkubwa mweusi mwenye kola ya chuma. Wanaume walisimama wote kwa pamoja, kama waliomwona mfu.

— Wewe bwana! Mfiche mnyama huyo!

— Nimfiche leo, sikukuu yake? — Mchungaji alishangaa. — Nyinyi watu vipi? Vijiji vitatu nimepita, kila mtu ananikimbia kama nimebeba tauni.

Walimweleza kuhusu karatasi, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Dilsara hakusubiri wamalize. Alichukua ungo, akamwendea mbwa, akampaka rangi kwenye paji la uso, akamvika shada la kwanza, la pili, la tatu, hadi kola haikuonekana. Mbwa alitulia. Kisha alimpita, akaenda kwenye mlango wa nyumba ya Dilsara, akanusa kizingiti kwa muda mrefu, akalala pale, kidevu juu ya miguu, kama mbwa anayemsubiri mtu.

— Kuna nani hapo ndani? — aliuliza mchungaji.

— Mama mkwe na mtoto tu, — alisema Dilsara. — Ila usiku kuna mtu husimama hapo alipolala mbwa. Na kwao pia. Hatujui ni nani.

Mchungaji aliwatazama mmoja mmoja, akakuna shingo.

— Sasa mkiwauliza, wanasemaje?

Chini yao mto ulipita. Kiredio kilikuwa kikisoma majina ya mawaziri, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kila mmoja alikuwa na maelezo ya kutosha kujaza mwaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Mchungaji alimaliza chai yake. Ilibidi amvute mbwa kwa mikono miwili kumtoa mlangoni. Kondoo walivuka daraja, likayumba, likatulia, na wanaume wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana, wakati sufuria ilikuwa bado na chai.

Dilsara aliingia ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa penye ukuta akisokota tambi za pamba kwa ajili ya taa za jioni, vidole vikijua kazi bila macho.

— Mama, — alisema Dilsara, karibu na sikio lake zima. — Usiku wa leo akisimama mtu mlangoni, nitamuuliza ni nani.

— Nani, yule? — Mama mkwe hakuacha kusokota. — Mimi nilishamuuliza jana. Alirudi mara ya pili, wewe ulikuwa umepitiwa na usingizi.

Dilsara alikaa chini.

— Akasemaje?

— Sikumsikia vizuri. Akauliza, mwenye nyumba hii yuko wapi? Nikamwambia mwenye nyumba amekufa. Siku hizi ukisema yupo wanamtaka, ukisema kaenda wanamtafuta. Ukisema amekufa, wanakuacha.

— Halafu?

— Akanyamaza. Kisha akasema haya mama, ahsante kwa kuniambia. Akaondoka.

— Mama, ilikuwa sauti ya nani?

Mwanamke mzee aliinua uso wake usioona, akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetaka kusaidia.

— Ya mtu aliyechoka, — alisema. — Siku hizi wote wana sauti hiyo hiyo.