Oili Iliyopotea Bila Kudondoka

Ndugu zangu wa kikundi, mwenyekiti ameniomba niseme kidogo, na mimi kusema kidogo sijui, kwa hiyo nivumilieni. Wengi hapa mnanijua kama dereva. Wachache mliwahi kunijua kama mwizi. Leo nazungumza zaidi na hao wachache.

Nilikuwa naendesha gari dogo la abiria la mama mmoja mfanyabiashara wa hapa Tunduma. Simtaji; mnaomjua, bakini naye moyoni. Asubuhi tunapanda Ileje, tunashusha watu Mbebe, tunarudi na abiria na magunia ya maharage. Yule mama aliniita mwanangu, na hakuwa anatania. Mke wangu alipojifungua, uji ulikuwa unatoka jikoni kwake.

Siku moja nageuza gari stendi, usukani ukaguna kama punda aliyezidiwa mzigo. Nikafungua boneti. Ile oili nyekundu ya usukani, tunayoiita haidroliki, imeshuka chini ya alama. Tukajaza. Siku chache tu, imeshuka tena. Tukajaza. Ikashuka.

Mama akatandika maboksi chini ya gari uani kwake. Asubuhi ni makavu. Tukaenda gereji. Fundi akafuta mipira yote kwa kitambaa, akawasha injini, akachungulia, akafunga boneti.

"Mama, hapa hakuna kinachovuja." Kisha akanitazama mimi, akamalizia taratibu, "Labda kuna mtu anaichota."

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo "labda" niliiona ikimwingia yule mama. Kesho yake akanisalimia kwa jina langu. Lile neno "mwanangu" likawa limekufa.

Akaanza kunichunguza. Nikichelewa, anauliza nilipita wapi. Stendi wakaanza kusema nauza oili kwa wenye malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde. Mwisho mama akaleta rangi nyekundu ya kucha, akapaka pale kifuniko cha kopo la oili kinapokutana na kopo lenyewe. Ukikifungua, rangi inapasuka, umeshikwa. Nikafurahi jamani! Nikasema sasa nitasafika.

Oili ikashuka. Rangi haijapasuka.

Mimi nikasema, "Mama, si unaona? Hakuna aliyefungua!" Yeye akainama, akaitazama tena ile rangi. Jumapili ile mke wangu alikuwa ametoka harusini, ana kucha nyekundu. Mama akamshika mkono kama anamsalimia, akazitazama zile kucha, akamwachia. Jioni akaniita, akaniomba funguo. Alisema neno moja tu: "Mmenikosea." Mmenikosea, yaani na mke wangu yumo: mimi nafungua, yeye anapaka rangi upya.

Mnacheka. Mke wangu hakucheka. Alizikwangua zile kucha kwa kisu.

Nikakaa nyumbani. Kila mwenye gari niliyemfuata alikuwa ameshasikia. Nilikwenda mpaka Vwawa kutafuta kazi. Habari ilikuwa imetangulia. Na nikaambukizwa ugonjwa uleule wa kushuku. Gari alipewa rafiki yangu, tuliyekula sahani moja. Nikajiuliza: mbona yeye? Mbona siku ile nilimwona anakunywa chai na fundi? Nikaamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyeichota ili mimi nitoke. Nikikutana naye barabarani navuka upande wa pili. Usiku silali, napanga maneno ya kumwambia.

Kisha ikaja habari kwamba gari limepata ajali kwenye kona za Mbebe. Usukani ulikuwa mzito ghafla, akashindwa kukata kona, akagonga gema la mlima. Upande wa pili ni bonde, Mungu alisaidia. Abiria mmoja, mama wa watu, alivunjika mkono.

Baada ya siku mbili tatu nasikia hodi. Ni yeye, rafiki yangu, ana plasta kwenye paji la uso. Sikumkaribisha ndani. Akasema akiwa palepale mlangoni:

"Kaka, nilidhani ni wewe. Nilipopewa gari nikasema sasa itatulia. Haijatulia. Na sasa mimi ndiye naitwa mwizi."

Nikamtazama usoni, natafuta uongo. Nikamuuliza, "Na chai ya fundi?"

"Chai ipi? Fundi ni shemeji yangu, nisinywe naye chai?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kufikiri vizuri. Kama si mimi, na si yeye, na rangi haijapasuka, na chini ni pakavu, basi oili haijatoka kwenye gari. Imo humohumo.

Tukaenda kwa mama; gari lilikuwa uani, limebonyea mbele ila injini inawaka. Hakutupa viti. Nikamwambia, "Mama, sikuombi kazi. Simama hapa, tuangalie na macho yako yawepo." Akasimama, mikono kiunoni. Mwenzangu akawasha injini, akawa anazungusha usukani kushoto, kulia. Mimi nikalala chini ya gari. Kila ncha ya reki, ule mtambo unaozigeuza tairi, ina raba ya mikunjo ya kuzuia vumbi. Ya kulia nikaibonyeza: laini, tupu. Ya kushoto ilikuwa imevimba, ngumu kama kibofu. Nikakilegeza kibano chake.

Oili ikanimwagikia mpaka shingoni. Nyekundu, yote. Sili ya ndani ya reki, ile inayozuia oili isitoke, ilikuwa imekufa, na ile raba ilikuwa inaimeza oili bila kudondosha hata tone.

Nilipotoka chini, mama alikuwa amekaa kwenye tofali. Akasema, "Mke wako yuko nyumbani?" Nikasema yupo. Akajifunga kitenge, akaenda kwa miguu, peke yake. Walichoongea sijaambiwa mpaka leo.

Reki ikabadilishwa, nikarudishiwa funguo. Mama bado anakagua oili kila asubuhi, nami simzuii. Namshukuru, maana alisimama stendi akasema kwa sauti kwamba sikuiba. Namshukuru rafiki yangu aliyebisha hodi kwa mtu aliyekuwa anamchukia. Mke wangu namshukuru nyumbani, hapa nitalia.

Sasa nimalizie. Kuna mwenzetu hajaja leo, na kiti chake mnakiona. Nimesikia minong'ono, hata mimi nimeletewa. Simtetei; sijui alichofanya au ambacho hakufanya. Ila naomba tusipige kura hapa ya kumtoa kikundini. Nyumba yake si mbali. Waende watu wawili wamwite, aje akae, tuulize yeye akiwepo.

Mimi niko tayari kuwa mmoja. Nani anakwenda nami?